Tairi Linaliwa na Nani?

Tairi likiisha kabla ya wakati wake, huku Ndama, wilayani Karagwe, wa kwanza kulaumiwa ni barabara. Na barabara ina yake ya kujibu: changarawe yenye ncha, makunyanzi yanayojipanga njia nzima mvua zikikatika, na vilima vya Karagwe vinavyomlazimu dereva kushika breki sasa hivi na kukanyaga mafuta punde tu baadaye. Lakini barabara ina tabia moja inayoiondolea nusu ya lawama. Inakula tairi lote. Inachubua katikati, inachubua kingo, inachubua la kushoto na la kulia kwa kiasi kinachokaribiana. Tairi lililoliwa ukingo mmoja hadi waya zikatokeza, huku ukingo wa pili una kashata nzima, yaani meno ya tairi, halikuliwa na barabara. Limeliwa na gari lenyewe. Ukifunga jipya bila kumtafuta mlaji, nalo litaliwa ukingo uleule.

Nalisemea jambo hili kwa uchungu kwa sababu naona fedha inavyopotea. Mtu anayepeleka ndizi mnadani kwa Probox, anayebeba abiria kwa Noah, kijana wa bodaboda anayelipa marejesho ya pikipiki kila wiki, wote hawa wananunua matairi mara nyingi kuliko inavyopasa, na kila mara wanatibu dalili. Mbinu zinazofuata hazihitaji mashine kubwa. Zinahitaji geji ya upepo, jeki, futi ya kupimia, kamba, chaki, timazi ya fundi ujenzi, na mtu wa pili wa kushika upande wa pili wa futi. Zinafuata mpangilio mmoja ambao haupinduliwi: upepo kwanza, halafu mzigo, halafu bushi na shokapu, halafu usawa wa matairi ya mbele, na tairi jipya mwisho kabisa. Wengi wetu huanzia mwisho.

Kusoma tairi

Egesha gari, kata usukani hadi mwisho ili uso mzima wa tairi la mbele uonekane, hasa ukingo wa ndani ambao hujificha. Futa vumbi. Kisha weka kiganja juu ya kashata ukitembeze kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Angalia kwanza kama hakuna waya zilizochomoza, maana zinakata mkono kama wembe.

Kingo zote mbili zimeisha na katikati pamebaki: upepo mdogo, au mzigo uliozidi, au vyote viwili. Katikati pamekuwa kipara na kingo zina afya: upepo mwingi. Hayo mawili ni mepesi.

Ukingo mmoja tu umeliwa, na kiganja kinahisi makali kikienda upande mmoja lakini kinateleza kikirudi: hapo matairi ya mbele hayatazami njia moja. Makali yakikukwaruza unapopeleka mkono kutoka ndani kwenda nje, matairi yanatazamana kwa mbele kupita kiasi, na kingo za nje ndizo zinazoisha. Yakikukwaruza unapoleta mkono kutoka nje kuja ndani, yanapeana migongo, na kingo za ndani ndizo zinazokwenda. Ukingo mmoja umeliwa lakini uso ni laini pande zote, tena ni tairi moja tu wakati mwenzake mzima: tairi hilo limelala. Ama limeinamia ndani kwa juu, ama limeinamia nje.

Aina ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Unapitisha mkono kuzunguka tairi na unahisi mabonde, limeliwa hapa, limepona pale, limeliwa tena. Hiyo ni shokapu iliyokufa, au ringi isiyo na balansi. Kwenye makunyanzi, tairi lenye shokapu nzima hukandamizwa chini wakati wote. Shokapu ikichoka, tairi linadunda: linaruka, linatua, linaruka, na kila linapotua linakwanguka mahali palepale.

Watu wa mashindano ya magari husoma vivyo hivyo, ila wao husoma joto. Gari likiingia kutoka uwanjani, fundi hulikimbilia tairi lingali la moto na kuchoma kipimajoto sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Palipo moto zaidi ndipo panapofanya kazi ya wengine, na hapo ndipo patakapokwisha mapema. Nasi tunaweza kuazima nusu ya mbinu hiyo. Ukishatembea nusu saa ya lami kuelekea Kyaka, simama mahali salama, ugusie kiganja kwenye kila tairi. Tairi la moto kuliko mwenzake wa ekseli ileile lina tatizo: upepo umepungua, au breki ya gurudumu hilo haiachii. Kama ni breki, utasikia joto likitoka kwenye ringi zaidi kuliko kwenye mpira, basi usiiguse ringi yenyewe.

Upepo na mzigo

Nunua geji yako. Geji ya pale kwenye kompresa imeshaanguka chini mara nyingi sana, na hakuna anayejua inadanganya kwa kiasi gani. Geji yako hata ikidanganya kidogo, itadanganya kwa kiasi kilekile kila siku, na hilo linatosha kukuonyesha mabadiliko.

Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo kibandiko huandika kPa: 220 ni karibu psi 32, na 240 ni karibu psi 35. Ukikosa jedwali, gawanya kPa kwa 7 utakuwa umekaribia. Magari ya zamani huandika kilo kwa sentimita ya mraba, nayo unazidisha kwa 14. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uvumilivu wa tairi hilo, haihusiani na gari lako. Kujaza kwa kufuata namba ile ndiko kunakotengeneza vipara vya katikati.

Kuna kipimo cha pili ambacho madereva wachache hukitumia, nacho kinasema mengi. Pima asubuhi, kisha pima tena baada ya nusu saa ya mwendo ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Hewa ikipata moto hutanuka, kwa hiyo namba lazima ipande. Ikitoka 32 ikafika 36 au 37, hali ni njema. Ikifika 40 au zaidi, tairi linajikunja kupita kiasi, linajichemsha lenyewe, maana yake asubuhi lilikuwa na upepo mdogo kwa mzigo ule, au mzigo wenyewe umelizidi. Dawa yake ni kuongeza upepo kesho asubuhi au kupunguza mikungu. Kutoa upepo tairi likiwa la moto ni kosa linalofanywa kila siku kwenye njia hizi: namba inapendeza kwa sasa, lakini asubuhi tairi linaamka na upepo pungufu kuliko jana, na linachemka zaidi.

Wapo wanaopunguza upepo ili gari lisirukeruke kwenye vumbi. Kidogo, psi tatu au nne, kwa safari ya kwenda shambani na kurudi polepole, sioni ubaya. Ubaya ni kupanda nayo lami bila kurudisha.

Juu ya mzigo nitasema kidogo tu kwa sababu kila mtu anajua anachofanya. Probox ya van ilitengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Mikungu 20 ya kilo 25, nayo ni mikungu ya wastani, ni kilo 500. Basi kama utapakia hivyo, angalau usiongeze kosa la pili la kufunga matairi ya gari dogo la abiria mahali palipotengenezewa matairi ya mzigo. Ubavuni tafuta herufi LT, au PR yenye namba ya 6 au 8, au soma namba ya uwezo: 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, 88 ni kilo 560. Matairi ya nyuma ya Hiace yakibadilishwa kwa yale laini kwa sababu bei ilikuwa nafuu, kingo zitaisha kabla ya katikati hata ukiyapima kila asubuhi.

Mifupa ya gari

Hapa ndipo fedha nyingi inapotupwa. Dereva anaona tairi linaliwa kwa ndani, anakwenda kufanya alaimenti, anarudi ameridhika, na baada ya miezi miwili tairi limeliwa tena. Analaumu mashine ya alaimenti. Mashine ilifanya kazi yake: ilinyoosha matairi gari likiwa limesimama. Gari likaondoka, bushi zilizopasuka zikalegea, breki ya kwanza tu ikavuta mkono wa chini nyuma, na tairi likarudi kutazama linakotaka. Usifanye alaimenti kwenye gari lenye mifupa iliyolegea.

Nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki, weka kigingi au gogo imara chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, saa 12 na saa 6, ulitikise. Likicheza, ama bolijointi imekwisha ama beringi imelegea. Mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena: mchezo ukitoweka ni beringi, ukibaki ni bolijointi. Halafu shika kushoto na kulia, saa 9 na saa 3. Likicheza hapo tu, ni tairodi. Kisha chukua mtaimbo mdogo, uingize kati ya mkono wa chini na mwili wa gari pale penye bushi, ubinye polepole. Mpira mzima unakataa na kurudi. Uliopasuka unafunguka mbele ya macho yako.

Bushi mpya ikifungwa, kuna jambo moja ambalo gereji nyingi hazilifanyi, na kwa jambo hilo bushi ya miaka mitatu inakufa kwa miezi mitano. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira unabanwa mahali pasipo pake. Gari linaposhushwa, mkono unapanda, mpira unajipinda, na unaishi umejipinda siku zote za maisha yake, hata gari likiwa limelala nyumbani. Fundi aingize bolti, azishike kidogo, ashushe gari, walisukume mbele na nyuma hatua chache, walitikise, ndipo akaze. Simama hapo uone likifanyika. Ni dakika kumi za ziada na ni haki yako.

Shokapu hazipimwi kwa kukandamiza boneti peke yake. Kukandamiza husaidia: kona ya gari ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja baada ya kuachia, shokapu imekwisha. Lakini ikitulia haina maana ni nzima, kwa sababu mikono miwili haifikii nguvu ya makunyanzi ya njia zetu za vumbi. Tafuta mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye mwili wa shokapu. Rudi kwenye mabonde ya tairi. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, maana mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili ni kulifundisha gari kuvuta upande.

Kabla hujalipa balansi, tazama ndani ya ringi. Baada ya mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, tope zito la njia zetu hukaa upande wa ndani wa ringi, likakauka na kushika kama saruji. Kipande cha nusu kilo upande mmoja wa ringi kinatetemesha usukani na kuchimba mabonde kwenye tairi. Kijiti na maji vinatosha.

Springi nazo huchoka. Kwenye sakafu tambarare pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimita moja na nusu, kona moja imelala, na ikilala, juu ya tairi kunaingia ndani na ukingo wa ndani unaanza kuliwa. Hapo inakuja tabia ya kunyanyua gari kwa spesa. Naelewa kwa nini watu wanafanya, njia za Kyerwa zina mawe ambayo hayamhurumii mtu mwenye gari fupi. Lakini spesa hainyanyui gari tu. Inabadilisha ulalo wa tairi, inageuza matairi ya mbele yasitazame yalikokuwa yanatazama, na inapunguza nafasi ya shokapu kushuka gurudumu linapoingia shimoni. Nisingezidi sentimita tatu, na siku spesa inapowekwa ndiyo siku ya kufanya alaimenti, kabla gari halijaenda popote. Hiace nazo hunyanyuliwa kwa kukaza bolti za tosheni za mbele, na matokeo ni yaleyale.

Hata kwenye mashindano ya magari, mifupa ndiyo inayopimwa. Dereva Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mashindano ya Safari Rally mara tano, 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya Datsun (Nissan). Mashindano ya enzi hizo yalikuwa ya kilometa elfu kadhaa za vumbi, tope na mawe, na yalimtaka dereva afikishe mwisho gari ambalo magurudumu yake bado yanatazama mbele. Ndizo mbio hizohizo ambazo gari la abiria la kwenda Nkwenda linakimbia kila siku, bila kikosi cha mafundi njiani.

Kamba na futi

Sasa mifupa imekaza, tunaweza kupima. Si lazima usafiri kwenda mjini kutafuta mashine. Kwa kutumia futi mtafika karibu sana, na mtajua kama safari ya mashine ina maana.

Tafuta sakafu bora mnayoweza kupata: ghala la kahawa, kituo cha mafuta, baraza pana ya saruji. Nyanyua gari kwa mbele. Zungusha tairi ukiwa umebana chaki katikati ya uso wake mpaka upate mkanda mweupe. Kisha shika msumari juu ya kitu kisichotikisika, gusisha kwenye mkanda wa chaki na uzungushe tena: unapata mstari mwembamba ulionyooka kuzunguka tairi. Fanya na la pili. Mistari hii ni muhimu kwa sababu kashata zenyewe hazijanyooka kiasi cha kupimia milimita.

Shusha gari. Nyoosha usukani. Dereva akae mahali pake, maana gari halitembei bila dereva. Sukumeni gari mbele hatua tatu au nne ili magurudumu yakae yanapopenda kukaa, na msirudishe nyuma. Sasa mmoja ashike futi kwenye mstari wa tairi la kushoto na mwingine kwenye mstari wa kulia, upande wa mbele wa matairi, kwa urefu wa katikati ya gurudumu kutoka chini. Andikeni namba. Nendeni upande wa nyuma wa matairi yaleyale, urefu uleule, mpime tena. Kama injini inazuia futi, shukeni chini kwa kiasi kilekile mbele na nyuma.

Namba ya mbele ikiwa ndogo, matairi yanatazamana. Ikiwa kubwa, yanapeana migongo. Magari mengi ya Toyota tunayotumia hutakiwa kukaa kati ya sifuri na milimita mbili au tatu za kutazamana, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Milimita hizo zinaonekana chache. Hesabu hii itakuonyesha uzito wake. Tairi la Probox lina kipenyo cha karibu sentimita 60. Tuseme tofauti ya mbele na nyuma imefika sentimita moja, yaani kila tairi limepinda nusu sentimita katika urefu wa sentimita 60. Kwa kila kilometa ambayo gari linakwenda mbele, kila tairi linaburuzwa ubavu zaidi ya mita nane. Kutoka Bugene hadi Kyaka ni karibu kilometa 60 za lami. Ukifika Kyaka, kila tairi la mbele limeburuzwa ubavu kiasi cha nusu kilometa. Ukirudi jioni, nusu nyingine. Hakuna tairi la bei yoyote litakalostahimili hayo, na kwenye lami kavu huliwa upesi kuliko kwenye vumbi, kwa sababu vumbi huteleza na lami haiachii. Ndiyo maana magari mengi yalianza kuonekana yanakula tairi pale yalipoanza kwenda lami kila siku. Kosa lilikuwepo zamani, lami ikalifichua.

Kurekebisha, legeza nati za kufungia tairodi zote mbili, zungusha kushoto na kulia kwa kiasi sawa, robo mzunguko kwa wakati, usukume gari tena mbele, upime tena. Ukizungusha upande mmoja tu, matairi yatanyooka lakini usukani utakaa umepinda. Kaza nati, kisha pima mara ya mwisho, kwa sababu kukaza kwenyewe huvuta.

Ulalo wa tairi unapimwa kwa timazi. Ning'iniza uzi uguse au ukaribie ukingo wa juu wa ringi, pima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa juu, kisha hadi ukingo wa chini. Kwa ringi ya inchi 14, tofauti ya milimita sita hadi saba ni digrii moja. Sakafu za huku kwenye vilima huwa na mteremko hata pale macho yanapokataa, kwa hiyo pima, geuza gari litazame lilikotoka, simamisha magurudumu mahali palepale, pima tena, na uchukue wastani. Mteremko unajifuta wenyewe. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi nusu digrii, usitafute mahali pa kurekebishia, kwa sababu magari mengi ya shokapu za mbele aina ya nguzo hayana bolti ya kazi hiyo. Tafuta kilichopinda: mkono wa chini, nguzo ya shokapu, au bushi uliyodhani ni nzima.

Pikipiki

Kwa wingi wa safari, Ndama ni ya pikipiki, Boxer na TVS, na hapa ndipo suala la kupanga shokapu linafanana zaidi na lile la watu wa mashindano. Mwendesha pikipiki wa uwanjani kabla ya kitu chochote hupima springi zinazama kiasi gani anapokaa. Bodaboda anaweza kupima hivyohivyo kwa futi.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa linaning'inia. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu moja kwa moja hadi alama utakayoiweka kwenye fremu au chini ya kiti. Kisha ishushe, kaa na abiria wa kawaida au mzigo wako wa kawaida, mwenzako apime tena. Tofauti ndiyo kiasi cha kuzama. Shokapu za nyuma za pikipiki hizi zina safari ya karibu sentimita kumi, na unataka theluthi yake tu itumike kwa kukaa: sentimita tatu, tatu na nusu. Ikizama sita au saba, hakuna nafasi iliyobaki kwa ajili ya shimo. Kila shimo linapigwa na tairi na ringi peke yake. Spoki zinalegea, ringi inapata pembe, tairi linachanika kwa ndani.

Kola ya chini ya springi ina ngazi. Zungusha kwa spana yake, ngazi moja moja, upime tena. Kuzungusha kola hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, kunainua tu pikipiki na kurudisha nafasi ya kuzama. Kwa hiyo ukifika ngazi ya mwisho na bado inazama sana, mzigo ni mkubwa au springi zimechoka, na spana haina zaidi la kukupa. Lililo muhimu kuliko yote: ngazi ya kushoto na ya kulia ziwe sawa. Nimeona pikipiki nyingi zenye ngazi mbili tofauti kwa sababu kola moja ilikuwa na kutu na nyingine haikuwa nayo. Mkono wa nyuma unajipinda kila inapozama, tairi linalala, na linaliwa upande mmoja huku mwenyewe anatafuta kosa kwenye cheni.

Cheni nayo ina sehemu yake. Alama za kuvutia cheni kwenye mkono wa nyuma hazitoki kiwandani zikiwa sahihi kila mara, na zikishapigwa nyundo mara mbili tatu hazifai tena. Pima kwa kamba kutoka katikati ya bolti ya mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Zikitofautiana, gurudumu limekaa mshazari, linaburuza tairi na kula meno ya sproketi kwa pamoja. Pima ulegevu wa cheni ukiwa umekaa juu, maana mkono ukipanda cheni hukaza.

Mbele, angalia pete ya mafuta kwenye nguzo za shokapu. Ikiwepo, sili zimekatwa na vumbi, na mafuta yaliyobaki ndani ni machache na machafu. Tairi la mbele litachimbika mabonde na pikipiki itayumba ukishika breki kwenye mteremko, na abiria yuko nyuma yako. Fundi akibadilisha sili amwage mafuta yote ya zamani na aweke kipimo kilekile pande zote mbili, kwa chombo chenye alama.

Upepo wa pikipiki ni psi chache kuliko gari, na tofauti ndogo inaonekana haraka. Fuata kitabu, kwa kawaida nyuma huwa juu kuliko mbele, na huongezwa ukibeba abiria. Tairi la nyuma lililojazwa kupita kiasi husimama kwenye ukanda mwembamba wa katikati, na kupanda kilima chenye changarawe kwa kuachia klachi ghafla kunamaliza ukanda huo kwa majuma.

Ukishayamaliza haya, sasa nunua tairi. Soma namba nne za mwisho baada ya neno DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na miaka kumi ni mpira mgumu uliopauka, utapasuka ubavu kabla kashata hazijaisha. Gari likipata mapya mawili tu, yaweke nyuma. Hamisha matairi mbele na nyuma kila kilometa 5,000 kama njia yako ni ya vumbi, na vijiti vile vidogo vilivyomo ndani ya mifereji vikilingana na uso wa kashata, zimebaki milimita 1.6 na wakati wake umefika.

Andika namba zako kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha boneti: upepo wa asubuhi, upepo wa moto, tofauti ya mbele na nyuma ya matairi, urefu wa kila kona, na usomaji wa kilometa siku hiyo. Baada ya kilometa 500 za vumbi pima tena tofauti ya mbele na nyuma. Bolti mpya huwa zinajilaza katika siku hizo za mwanzo, na milimita mbili zilizohama ni rahisi kurudisha kabla ukingo haujaanza kuonyesha.